Kuzuia Rutuba Isizame: Mwongozo Kamili wa Samadi, Chokaa na Mbolea za Viwandani kwa Mashamba ya Mtwara na Lindi

Uwanda wa Makonde hupata mvua ya kutosha, lakini juu yake hakuna mto. Maji huzama katika mchanga mwekundu wenye kina kirefu na kuibuka chini kwenye chemchemi za mabondeni, na kwa vizazi vingi akina mama wa Newala na Tandahimba wameteremka na kupanda miinuko hiyo wakiwa na vyombo vya maji vichwani. Mkulima anayetaka kujua mbolea yake inakwenda wapi aanze kwa kuyafuata maji hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya virutubisho vinavyopotea katika udongo wa aina hii husafiri pamoja nayo.

Mwongozo huu unaeleza jinsi samadi, mboji, mabaki ya mazao, majivu, chokaa, jasi na mbolea za viwandani zinavyobadilisha safari hiyo, na hatua za kufuata kabla na wakati wa msimu. Msimamo wangu ni kwamba, kwenye mchanga wa kusini, mbolea ipimwe kwa kile kinachobaki katika eneo la mizizi baada ya mvua kubwa, na idadi ya mifuko iliyomwagwa iwe jambo la pili.

Virutubisho hutoroka vipi

Chembe za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, nazo hushika virutubisho vyenye chaji chanya kama vile amonia ya kwenye udongo, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Naitreti (naitrojeni katika umbo linaloyeyuka kwenye maji) na salfeti (salfa katika umbo kama hilo) zina chaji hasi, kwa hiyo hazishikwi na huteremka na maji. Jambo linalosahaulika ni kwamba naitreti haisafiri peke yake: kila inapozama hulazimika kuondoka na mwenzake mwenye chaji chanya, ambaye kwa kawaida huwa ni kalsiamu, magnesiamu au potasiamu. Ndiyo maana shamba linalopewa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi huku mvua ikiisafirisha huishiwa pia na virutubisho ambavyo mkulima hakuvigusa, na udongo wake huzidi kuwa na tindikali.

Fosforasi ina tabia tofauti kabisa. Madini ya chuma, yale yale yanayoupa udongo wa uwandani rangi yake nyekundu, huikamata na kuifungia, kiasi kwamba husogea milimita chache tu kutoka pale ilipowekwa. Naitrojeni ina njia ya tatu, ambayo ni kupaa kama gesi, na mteremko usio na makinga maji hupoteza vyote kwa pamoja udongo wa juu unapobebwa na mafuriko.

Hatua ya kwanza: tambua udongo ulio nao

Chukua udongo kiganjani, ulowanishe kidogo, kisha uufinye kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ili utoke kama utepe. Utepe usiotokea kabisa au unaokatika kabla ya kufika sentimita 2 ni dalili ya kichanga. Unaofika sentimita 5 na zaidi bila kukatika ni wa mfinyanzi. Rudia jaribio hilo kwa udongo wa sentimita 50 kwenda chini, kwa sababu shamba lenye mchanga juu na mfinyanzi kidogo chini hupoteza naitreti polepole kuliko lile ambalo ni mchanga mtupu hadi mita mbili.

Mabonde ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma, pamoja na udongo mweusi wa mbuga, yana kanuni zake. Katika jaruba la mpunga lililotuama maji, naitreti hugeuzwa kuwa gesi na vijidudu visivyohitaji hewa, hivyo yurea ifukiwe ndani ya tope badala ya kurushwa juu ya maji. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nchi kavu.

Hatua ya pili: chukua sampuli kwa uangalifu

Tembea shambani kwa mwendo wa kupinda kushoto na kulia, uchote udongo wa sentimita 0 hadi 20 katika vituo 15 hadi 20, uuchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, kisha upunguze hadi ubaki na nusu kilo. Katika shamba la korosho, sampuli za chini ya vivuli vya miti zisichanganywe na zile za katikati ya mistari, kwa sababu iliyo wazi katika hatua inayofuata. Kwa ushauri, wakulima wa Mtwara na Lindi wana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilichopo Naliendele, jirani na mji wa Mtwara, na kwa masuala ya udongo taasisi hiyo ina kituo kingine Mlingano, mkoani Tanga. Omba upimiwe pH (kipimo cha tindikali, ambayo huzidi namba inaposhuka), mboji, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu; kipimo cha pH pekee hakitakuambia kama unahitaji chokaa ya kawaida au ile ya dolomaiti yenye magnesiamu.

Hatua ya tatu: shughulikia tindikali, hasa penye salfa

Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga huanguka chini wakati wa kiangazi na kukaa juu ya majani makavu. Mvua zinapoanza, bakteria wa udongo huigeuza kuwa tindikali ya salfuriki. Salfeti inayotokana nayo huteremka, ikiondoka na kalsiamu na magnesiamu. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 1 ya salfa huhitaji takribani kilo 3 za chokaa safi ili tindikali yake iishe. Mti uliopulizwa robo kilo kwa mizunguko minne umepokea kilo 1, na katika ekari yenye miti 28, yaani nafasi ya mita 12 kwa 12, hiyo ni sawa na kilo 84 hivi za chokaa kila msimu kama salfa yote ingeishia humo humo. Haiishii humo yote, maana upepo huigawa; jirani asiyepuliza hupokea sehemu ya tindikali ya mwenzake bila kupata faida ya dawa. Viuatilifu vya maji havibebi mzigo huo wa salfa.

Mkorosho wenyewe huvumilia tindikali vizuri. Wanaoumia ni mahindi, karanga na kunde zinazopandwa katikati yake, kwa sababu pH inaposhuka chini ya 5.5 na kuendelea kushuka, aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi. Mizizi mifupi haiwezi kuwahi naitreti inayozama, kwa hiyo tindikali huongeza upotevu hata pale mbolea ilipowekwa vizuri.

Chokaa ya kilimo huyeyuka taratibu na haisogei mbali, hivyo ichanganywe na udongo hadi sentimita 15 au 20, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mwezi wa kumi ni wakati mwafaka. Chini ya mkorosho ichanganywe juu juu tu ili jembe lisikate mizizi. Mchanga hauhitaji chokaa nyingi kama mfinyanzi, na ikizidi, zinki na manganizi hukosekana kwa mimea, kwa hiyo bila kipimo cha maabara nisingevuka nusu tani kwa ekari. Chokaa ya kuchoma, ile ya kupaka kuta, ina nguvu zaidi: robo tatu ya kiasi hutosha, na isiguse majani wala ngozi. Ile inayotokana na matumbawe ya baharini naishauri iachwe kabisa, kwani huponya shamba kwa kubomoa mazalia ya samaki.

Jasi, ambayo huchimbwa Kilwa, mara nyingi huchanganywa na chokaa katika mazungumzo, ingawa haiondoi tindikali. Faida yake ni kwamba huyeyuka haraka na kupeleka kalsiamu chini kuliko chokaa inavyoweza. Mkulima wa karanga wa Masasi, Nanyumbu au Nachingwea anayevuna maganda matupu aifikirie kwanza, kwa sababu ganda la karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, si kupitia mizizi. Weka mifuko 2 hadi 3 ya kilo 50 kwa ekari juu ya mstari wakati maua yanaanza. Ukiiweka miezi miwili kabla, mvua itakuwa imeishusha, na potasiamu itakuwa imesukumwa chini pamoja nayo.

Hatua ya nne: jenga ghala la kushikia virutubisho

Katika udongo wenye mfinyanzi kidogo, mboji ndiyo ghala karibu pekee. Ng'ombe ni wachache katika sehemu nyingi za Mtwara, ingawa wafugaji waliohamia Lindi wamebadilisha hali hiyo katika baadhi ya wilaya, kwa hiyo usitarajie kurusha samadi shamba zima. Weka kidogo panapohitajika. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kwa shimo, yana mashimo yapatayo 9,000 kwa ekari. Gramu 250 za samadi kavu kwa shimo, ambazo ni kama konzi mbili kubwa, hufanya tani 2 na robo. Samadi hiyo ikiwa na naitrojeni asilimia 1 tu, imebeba kilo 22 na nusu, karibu sawa na kilo 23 zilizomo katika mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50. Tofauti yao ni mwendo. Yurea huachia vyote ndani ya wiki chache, wakati samadi huachia sehemu ndogo mwaka wa kwanza na iliyobaki miaka inayofuata, na muda wote huo chembe zake hushika amonia na potasiamu iliyotoka kwenye mfuko. Ndiyo sababu nusu ya kila moja, zikiwekwa pamoja, huwa na maana kuliko kuchagua upande.

Upotevu wa kwanza wa samadi hutokea nyumbani, kabla haijafika shambani. Yale maji ya rangi ya chai yanayotiririka kutoka kwenye lundo lililonyeshewa ni potasiamu na naitrojeni inayoondoka. Ezeka lundo kwa makuti au nyasi, liweke mahali palipoinuka, na usiliache bila kifuniko hata kwa mvua moja.

Kwa mboji, uwandani ambako maji ni ya kununua au ya kusubiri, napendelea shimo kuliko lundo. Chimba upana wa mita moja na nusu na kina cha mita moja, panga tabaka la mabua makavu yaliyokatwakatwa la sentimita 20, juu yake majani mabichi ya mbaazi, kunde au magugu ambayo hayajatoa mbegu la sentimita 10, kisha samadi ya mbuzi au kuku sentimita 3 hadi 5 na udongo kidogo, ukilowanisha kila tabaka. Funika kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kikitoka na joto na unyevu, kazi inaendelea. Geuza baada ya wiki tatu na tena baada ya wiki sita, na kwa kawaida mboji huiva ndani ya miezi miwili hadi mitatu.

Mabibo yasiyokwenda kwenye uraka (kinywaji cha mabibo) yanafaa sana kama sehemu ya ubichi, mradi yachanganywe na majani makavu mengi kwa sababu yana maji na uchachu. Majivu kidogo yaliyonyunyizwa juu ya tabaka lake hupunguza uchachu huo. Maganda ya korosho yasiingie, maana mafuta yake huunguza ngozi na kuzuia uozaji.

Mabua ya mahindi na ufuta yanahitaji tahadhari ya aina nyingine. Yana kaboni nyingi mno kwa naitrojeni kidogo, karibu 60 kwa 1 kwa mabua ya mahindi, na yanapofukiwa mabichi au makavu, vijidudu huchukua naitrojeni ya udongo ili kuyaozesha. Mahindi yaliyopandwa juu yake hugeuka manjano kwa wiki kadhaa, na mkulima hulaumu mbegu. Majani ya mbaazi na kunde, yaliyo chini ya 25 kwa 1, huachia naitrojeni badala ya kuichukua. Tabia hiyo ya mabua si mbaya wakati wote: yakiachwa juu kama matandazo hayapokonyi mizizi chochote cha maana, na yakifukiwa baada ya mavuno hushika naitreti iliyobaki, ambayo ingezama bure. Kuyachoma mwezi wa tisa au wa kumi, kama ilivyozoeleka, hupaisha karibu naitrojeni yote na sehemu ya salfa, kisha huacha majivu ambayo mvua ya kwanza huondoka na potasiamu yake.

Majivu ya jikoni hutunzwa mahali pakavu na kuwekwa karibu na wakati wa kupanda, kwa sababu hiyo hiyo ya potasiamu. Yasichanganywe kamwe na yurea, SA (salfeti ya amonia), DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na amonia) wala samadi mbichi. Ukisikia harufu kali ya amonia inayochoma pua, unanusa pesa yako. Samadi ya kuku, kwa upande wake, huachia naitrojeni haraka karibu kama mbolea ya viwandani, kwa hiyo igawanywe kwa awamu na isigusane na mbegu ikiwa mbichi. Vumbi la mkaa nalo hushika virutubisho likizikwa, lakini lilazwe kwanza ndani ya mboji kwa mwezi mmoja. Likiingia shambani likiwa tupu huanza kwa kujishibisha lenyewe.

Hatua ya tano: weka mbolea za viwandani kwa kufuata mwendo wake

Anza na fosforasi, kwa kuwa haisogei: iwekwe wakati wa kupanda, karibu na mbegu, ikitenganishwa nayo kwa udongo wa sentimita 5. Iweke katika shimo moja na samadi, kwani asidi zinazotokana na uozaji hukalia nafasi kwenye madini ya chuma ambazo fosforasi ingenaswa. Mbolea ya mwamba wa Minjingu, kutoka mkoani Manyara, huyeyushwa na tindikali yenyewe na hivyo huufaa udongo mchachu, lakini ukiiweka katika udongo uliokwisha kutiwa chokaa utaichelewesha. Eneo lenye mpango wa chokaa linahitaji DAP au TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni), na lile lisilo na chokaa linaweza kuanza na Minjingu.

Kwa naitrojeni ya kukuzia, hesabu ifuatayo inatosha kumshawishi mtu agawanye dozi. Mchanga unaoweza kushika maji asilimia 10 ya ujazo wake husukumwa naitreti yake takribani sentimita 10 kwa kila milimita 10 za maji yanayozama. Mvua ya usiku mmoja ya milimita 60, ambayo si ngeni kwetu, inaweza kuishusha naitreti hadi nusu mita na zaidi, wakati mizizi ya mahindi ya wiki tatu haijafika hapo. Mfuko mmoja wa yurea kwa mashimo 9,000 ni gramu 5.6 kwa shimo, ambazo hukaribia kisoda kimoja. Pima visoda kumi vya yurea kwenye mizani ya duka ili ujue chako kinabeba ngapi, kisha weka nusu yake wiki ya tatu na nusu nyingine wiki ya sita. Kwenye mchanga mtupu ningegawa mara tatu na kukubali kazi ya ziada.

Yurea ifukiwe sentimita 5 hadi 7, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu. Ikibaki juu ya udongo wenye joto bila mvua, hupaa kama amonia. Na mvua kubwa ikija siku hiyo hiyo, huzama ikiwa bado yurea, kwa sababu kabla ya kubadilika haina chaji ya kushikwa nayo. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kufungua mfuko. CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) haipai sana, lakini nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, hivyo haifai kuwekwa wakati wa mvua mfululizo za mwezi wa tatu. SA huongeza tindikali kuliko zote hizo, na katika shamba lenye historia ya salfa sioni sababu ya kuinunua. Potasiamu pia igawanywe, kwani mchanga huishika kwa ulegevu.

Hatua ya sita: panda mizizi ya kuvua kilichozama

Mbaazi iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi huanza polepole, kisha hupeleka mizizi chini zaidi ya mita moja na kunywa naitreti iliyoyapita mahindi. Mizizi hiyo pia hutoa asidi zinazoifungua fosforasi iliyofungwa na chuma, na majani yanayopukutika huirudisha juu. Bei yake imewavunja moyo wengi, hasa mwaka 2017 India ilipoweka mipaka ya uagizaji, ila kazi inayofanyika chini ya ardhi haisubiri soko.

Hatua ya saba: jipimie mwenyewe

Acha vipande vinne vyenye mistari mitano mitano: kimoja bila kitu, kimoja samadi peke yake, kimoja mbolea ya viwandani peke yake, na kimoja nusu ya kila moja. Pima mavuno ya mistari mitatu ya katikati tu. Majani ya chini ya mahindi yanayogeuka manjano kuanzia nchani kwa umbo la V yanaonyesha naitrojeni imeondoka. Kingo zilizoungua ni dalili ya potasiamu, na rangi ya zambarau kwenye miche ni ya fosforasi.

Visima vifupi vya mabondeni viwe mbali na malundo ya samadi na chini ya mteremko wa mbolea pasichimbwe kisima kipya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa kwa maji hayo.

Mwisho, simika kopo lenye kuta zilizonyooka kwenye kigingi, mbali na miti, na uandike kila asubuhi kina cha maji kwa rula kabla ya kuyamwaga. Kopo likionyesha jumla ya milimita 50 ndani ya siku chache baada ya kuweka mbolea ya kukuzia, chimba kando ya shina uone mizizi imefika wapi. Ikiwa bado iko sentimita 30, ongeza robo ya dozi uliyoweka. Ikiwa imevuka nusu mita, subiri awamu inayofuata.